Kumuuzia Mwenye Nazo Gari la Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Niliuza magari ya kifahari kwa miaka kadhaa katika shorumu moja kusini mwa Uingereza, kipindi kile magari ya umeme yalipoanza kuyasogeza ya petroli pembeni. Siku hizi nafundisha wauzaji na waandika matangazo Nairobi na Dar es Salaam, na kila darasa linaniuliza yale yale. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili. Mengine jibu lake ni fupi, sikuona haja ya kulivuta.

Tajiri anaponunua gari la umeme, hasa ananunua nini?

Ananunua gari zuri. Neno "umeme" linakuja la pili, mara nyingi la tatu. Mtu mwenye pauni laki moja ya kuweka kwenye gari hasumbuliwi na bei ya petroli, kwa hiyo ukianza na hesabu ya akiba ya mafuta, umemwambia bila kutamka kwamba umemdhania mtu wa kuhesabu senti. Anataka mambo mawili: apunguziwe kero, na aonekane vizuri mbele ya watu anaowaheshimu. Gari la umeme linaondoa kero fulani na linaleta nyingine. Hizo linazoleta ndizo kazi yako, uzimalize kabla hajakutana nazo mwenyewe.

Mfano mdogo. Majira ya baridi mteja wangu mmoja, daktari wa upasuaji, alirudi wiki ya pili na lalamiko ambalo hakuna kijitabu cha kampuni kilichowahi kulitaja: kebo. Ilikuwa imelala chini usiku kucha kwenye tope na chumvi ya barabarani. Asubuhi alipoikunja kuirudisha kwenye buti, ilimpaka koti la sufu kuanzia kwapani hadi kwenye pindo. "Gari la pauni tisini elfu," akaniambia, "halafu linataka nivae ovaroli." Tangu siku ile kila gari nililokabidhi lilitoka na ndoana ya kutundikia kebo ukutani, mfuko wa kuihifadhi, na jozi ya glavu. Vyote pamoja havikufika pauni hamsini.

Kwa hiyo hoja ya mazingira haina kazi?

Ina kazi, lakini si mdomoni mwa muuzaji. Mteja huitumia baadaye, akiwa mezani na marafiki, kujieleza kwa nini alinunua. Mwachie yeye aiseme. Ukimhubiria habari za moshi mtu aliyefika kwa ndege yake binafsi, hamtaelewana.

Wazo la kuanza na matajiri lilitoka wapi?

Wengi hutaja Tesla, na si kosa. Agosti 2006 Elon Musk aliandika mpango wao waziwazi: watengeneze gari la michezo la bei kubwa, fedha zake zitengeneze gari la bei ya kati, na hizo nazo zitengeneze la bei nafuu zaidi. Sababu ilikuwa betri. Bei ya betri wakati ule ingeliua gari lolote la mtu wa kawaida, lakini ndani ya gari la dola laki moja na ushee gharama hiyo inajificha. Roadster, gari lile la michezo, iliyotokana na Lotus Elise ya petroli, ilianza kuwafikia wateja mwaka 2008. Ilifika kilomita 97 kwa saa ndani ya sekunde zisizotimia nne na kwenda karibu kilomita 390 kwa chaji moja. Zilitengenezwa kama 2,450 tu, ila zilitosha kuondoa picha ya kigari cha uwanja wa gofu kichwani mwa watu wenye fedha.

Lakini biashara hii ni ya zamani kuliko Musk. Detroit Electric ilianza kuuzwa mwaka 1907, na bei yake katika miaka iliyofuata ilikuwa mara kadhaa ya gari la kawaida la Ford. Ndani ilikuwa sebule hasa: viti vya kitambaa, mapazia, na chombo kidogo cha maua. Madaktari waliipenda kwa kuwa inaondoka papo hapo, na wanawake wa familia tajiri waliipenda kwa kuwa haikuhitaji kuzungushwa mkono wa chuma mbele ya injini, kazi iliyovunja watu mikono. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric ya mwaka 1914. Hebu fikiria: mume anajaza Marekani magari ya petroli, mke anatoka nyumbani na la umeme.

Wauzaji wa wakati ule walifanya kosa ambalo bado tunalirudia. Walilitangaza mno kama gari la akina mama, la mjini, la taratibu, na wanaume wakaliepuka. Mwaka 1912 Cadillac ikatoka na kiwashio cha umeme kilichobuniwa na Charles Kettering, mkono wa chuma ukaachwa, na sababu kubwa ya kulinunua gari la umeme ikaondoka nao. Ukiuza gari kwa kero moja tu inayoiondoa, siku mshindani akiiondoa kero hiyo huna tena la kusema.

Kwa nini watu walipe kishika uchumba kwa gari ambalo halipo?

Kwa sababu foleni yenyewe ni bidhaa. Wateja 100 wa kwanza wa Roadster waliwekewa daraja lao na kutakiwa kutoa dola 100,000 taslimu kabla gari halijatengenezwa. Model S, gari lao la pili, ilipofuata, mteja wa kawaida alilipa dola 5,000 kushika nafasi, na aliyetaka toleo la Signature alilipa 40,000. Huyo wa 40,000 hakuwa mjinga. Alikuwa ananunua haki ya kusema "langu ni miongoni mwa ya kwanza." Lucid, kampuni nyingine ya magari ya umeme ya Marekani, nao walifanya hivyo kwa Air Dream Edition: magari 520, namba iliyolingana na maili 520 za umbali wake kwa chaji moja.

Tahadhari: kishika uchumba ni ndoa nusu. Ukichelewesha gari au ukibadilisha bei katikati, aliyekuamini mapema ndiye atakayekusema vibaya kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Gari zuri linahitaji matangazo ya kulipia?

Tesla waliishi kwa methali hiyo miaka mingi bila kulipia matangazo ya televisheni. Ni Mei 2023 tu, kwenye mkutano wa wanahisa, Musk alipokubali kujaribu kidogo. Lakini msidanganyike. Uzinduzi wa Roadster mwaka 2006 ulifanyika Santa Monica na Arnold Schwarzenegger, gavana wa California wakati huo, alikuwepo. Hilo ni tangazo, limelipwa kwa njia nyingine.

Mfano wa upande wa pili ni Cadillac ELR, gari la umeme lililobeba pia injini ya petroli. Tangazo lake lilirushwa Februari 2014 wakati wa Olimpiki ya majira ya baridi: mwanamume kando ya bwawa la kuogelea la nyumba yake anajisifu kwa kuchapa kazi na kuwakejeli watu wa nchi nyingine wanaochukua likizo ya mwezi mzima. Lilizungumzwa sana. Gari lenyewe halikufikisha hata 3,000 katika Marekani nzima kwa miaka yake yote. Watu hulaumu tangazo. Mimi nalaumu bei. ELR iliuzwa karibu dola 76,000, na chini ya ngozi yake mlikuwa na mitambo ya Chevrolet Volt, gari la kawaida lililouzwa chini ya nusu ya hapo. Tajiri hachukii kulipa zaidi. Anachukia jirani ajue kwamba amelipa zaidi kwa kitu kile kile.

Mteja akiuliza gari linakwenda umbali gani, nijibu namba ya kwenye kijitabu?

Usiishie hapo. Muulize kwanza: "Jana ulikwenda wapi na wapi?" Rolls-Royce, wakati wa kulizindua gari lao la umeme, Spectre, walieleza kwamba mteja wao wa kawaida ana magari kama saba na huendesha kilomita 5,100 hivi kwa mwaka. Gawanya: ni kilomita 14 kwa siku. Mtu huyo hana tatizo la umbali, ana hofu ya umbali, na hofu haitibiwi kwa namba kubwa. Inatibiwa kwa kumwonyesha wiki yake mwenyewe.

Kisha mpeleke gereji kwake. Chaja ya nyumbani ya Uingereza ya kilowati 7 ikifanya kazi kwa muda wa saa nane inaingiza kilowati-saa 56, na hata gari zito hupata zaidi ya kilomita 200 hapo. Kila asubuhi anaamka "tangi limejaa" bila kusimama petroli stesheni. Hiyo ndiyo kero iliyoondoka, na wengi hawaifikirii mpaka uwaambie.

Baridi hupunguza umbali, na hilo liseme wewe kwanza. Februari 2013 mwandishi wa New York Times alisafiri na Model S katika baridi kali ya pwani ya mashariki ya Marekani, na gari likaishia juu ya lori la kuvuta. Musk alitoa kumbukumbu za kompyuta ya gari kumpinga, mwandishi akajibu, mabishano yakaendelea siku nyingi. Nani alikuwa na haki, sijali. Ninachojua ni kwamba wateja walikumbuka picha ya lori.

Nifanyeje siku ya kulijaribu barabarani?

Nyamaza. Nasema kweli. Dakika mbili za kwanza usiseme chochote, maana kimya ndicho alichokuja kukisikia, na wewe ndiye kelele pekee iliyobaki mle ndani.

Wauzaji wapya hupenda kumkandamizia mteja mwendo kutoka taa nyekundu. Kijana wa miaka thelathini atacheka kwa furaha; mama wa miaka sitini atakushikia mkono wa mlango na safari imekwisha. Mimi nilikuwa napita kwenye barabara mbovu taratibu, kisha kwenye kilima, halafu naegesha mahali pa kubana. Kila mmoja anaujua uegeshaji wa mtaani kwake, na betri zimeyafanya magari haya kuwa mapana na mazito: Spectre inakaribia tani tatu.

Na mwache aguse. Mteja mmoja hakuuliza kitu kuhusu mota wala betri. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mfereji kati ya mlango na bodi, kutoka juu hadi chini, akaenda mlango wa pili akafanya vile vile. Upande wa kushoto ukucha ulizama kuliko wa kulia. Akanishukuru kwa adabu zote akaondoka. Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa naanza mimi na ukucha wangu kabla shorumu haijafunguliwa.

Mwamuzi ni nani nyumbani?

Vitabu vya masoko vitakuambia mke, au mume, au watoto wanaokwenda shule nzuri na kuona magari ya wenzao. Yote ni kweli. Ila hakuna kitabu nilichosoma kilichomtaja dereva, na kwetu huku mwenye gari hukaa nyuma. Bosi atauliza, "Umelionaje?" na jibu la dereva likiwa "si baya, mzee," biashara imekufa.

Nilikuwa Dar, bosi yuko ndani anakunywa kahawa na meneja, dereva wake kabaki nje analizunguka gari. Nikamfuata.

"Kaka, nikiwa namsubiri mzee mahali masaa matatu, AC inazima?"

"Haizimi. Hakuna injini ya kuunguruma, hakuna mlinzi wa kukugongea kioo akuambie zima."

"Na moshi?"

"Hakuna moshi. Lala kabisa."

Akafungua mlango wa mbele, akakaa, akarudisha kiti nyuma taratibu mpaka mwisho, akafumba macho. Mazungumzo yaliyouza gari siku ile yalikuwa hayo, si ya ndani.

Kimya kinauzwaje kwa mtu anayependa mngurumo?

Rolls-Royce hawana shida, kwani wamekuwa wakiuza kimya kwa zaidi ya miaka mia moja. Injini ndiyo iliyokuwa inawaharibia. Porsche ni habari nyingine. Toleo la juu la gari lao la umeme, Taycan, waliliita "Turbo" ingawa halina turbo, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya injini, kwa sababu jina hilo lina uzito kwa wateja wao, na wakaweka sauti ya kutengenezwa unayoweza kuilipia zaidi. Wengine waliwacheka. Mimi naona walimjua mteja wao. Uzinduzi wenyewe, Septemba 2019, ulifanyika mara moja katika mabara matatu: karibu na maporomoko ya Niagara, kwenye shamba la umeme wa jua nje ya Berlin, na kisiwani China kwenye mitambo ya upepo. Maji, jua na upepo. Ujumbe umefika, na mteja hakuhubiriwa.

Thamani ya gari la umeme hushuka haraka. Nimfiche mteja?

Ukimficha atajua mwenyewe jioni ile ile akiwa na simu mkononi. Ni kweli inashuka, na magari ya kifahari ndiyo yanayoumia zaidi, kwani betri na programu za kompyuta huzeeka machoni pa watu kama simu zinavyozeeka. Mwenye mali haogopi hasara ya fedha kama anavyoogopa kuonekana amepigwa.

Dawa ni kumhamishia mzigo mtu mwingine. Aprili 2013 Tesla walitoa ahadi kwa walionunua Model S kwa mkopo: baada ya miaka mitatu kampuni italinunua gari kwa asilimia ile ile ya bei ya awali inayobaki kwenye Mercedes S-Class, na Musk akasema atasimama nyuma ya ahadi hiyo kwa mali yake binafsi. Angalia ujanja uliomo. Kwa kuitaja S-Class walishajiweka meza moja nayo. Kwa muuzaji wa kawaida njia rahisi ni kukodisha kwa miaka mitatu, mteja anarudisha funguo na kuchukua jipya.

Mauzo yakilala, nipunguze bei?

Ongeza huduma kabla ya kupunguza bei. Januari 2023 Tesla walishusha Model S Plaid kutoka karibu dola 136,000 hadi karibu 115,000. Mwezi huo huo huko China, waliokuwa wamenunua magari ya kampuni hiyo muda mfupi kabla ya bei kushushwa walikusanyika kwenye shorumu kudai haki. Wa magari ya kawaida atakasirika na kusahau. Wa gari la kifahari umemwaibisha, na hatarudi.

Kodi zina nafasi gani?

Kubwa kuliko mnavyodhani, na matajiri ndio wanaozisoma vizuri zaidi. Norway iliondoa kodi nzito kwenye magari ya umeme na kuyaruhusu kupita njia za mabasi. Septemba 2013 Model S likawa gari lililouzwa kuliko yote nchini humo. Uingereza, aliyepewa gari la umeme na kampuni yake mwaka wa fedha 2020/21 hakutozwa kodi ya marupurupu hata senti, na miaka iliyofuata ilikuwa asilimia 1 kisha 2, wakati gari kubwa la petroli lilifika 37. Wateja wangu wengi hawakununua kwa majina yao. Kampuni zao ndizo zilizonunua. Kwa hiyo pata namba ya mhasibu wake. Sitanii.

Shorumu ya wakala au duka la kampuni?

Inategemea sheria za mahali. Majimbo kadhaa ya Marekani yalizuia Tesla kuuza moja kwa moja bila mawakala. Somo lililobaki ni la George Blankenship, aliyewahi kufanya kazi Apple, akajiunga na Tesla mwaka 2010 na kuyaweka maduka kwenye maeneo ya manunuzi. Mtu anakuja kununua viatu, anakutana na gari wakati hana mpango wa kununua na hajavaa silaha za kubishana bei.

Na hapa Afrika Mashariki?

Tuliwaita wabenzi, sasa kila mmoja anataka shangingi, na sababu ni ile ile: gari linatangulia kusema wewe ni nani kabla hujashuka. Gari la umeme bado halijapata jina la mtaani la heshima. Likipata, mauzo yatafuata.

Vikwazo vya kweli ni hivi. Usukani: Tesla ilitangaza mwaka 2023 kwamba Model S na Model X hazitatengenezwa tena kwa usukani wa kulia, kwa hiyo Kenya, Tanzania na Uganda wamewekwa kando kwa magari hayo. Matuta na barabara za vumbi, ambazo gari la chini linazilipia kwa bodi. Fundi, ambaye mteja atauliza anapatikana wapi kabla ya kuuliza bei. Umeme kukatika ni kikwazo kidogo kuliko watu wanavyodhani, maana nyumba nyingi za wateja hawa zina sola na jenereta. Rwanda iliondoa kodi za kuingiza magari ya umeme mwaka 2021, na Kenya Power wana bei maalumu ya umeme wa kuchajia tangu 2023.

Ushauri wangu: usimwambie aache shangingi. Muuzie gari la pili, la mjini, la kwenda ofisini na klabu. Nairobi hadi Mombasa aende na lile analolijua.

Kuna tajiri ambaye hatanunua kabisa?

Yupo. Mate Rimac, ambaye kampuni yake ilitengeneza Nevera, gari la umeme lenye nguvu za farasi zaidi ya 1,900, alikiri mwaka 2024 kwamba wanunuzi wa magari ya kiwango hicho wanazidi kutaka injini, kama wanavyopenda saa za mitambo ilhali saa za kidijitali zinaonyesha muda vizuri zaidi. Mteja wa namna hiyo muuzie V12, gari la petroli la silinda kumi na mbili, na umshukuru. Ana watoto.

Baada ya kukabidhi gari nifanye nini?

Piga simu siku ya saba. Usimuulize "unalionaje gari?" kwa sababu atasema "zuri" na mtaagana. Muulize jana usiku alichaji wapi na nani aliyechomeka kebo. Akikuambia hajui, dereva ndiye anayejua, omba namba ya dereva umpigie yeye.